Karatasi ya sandukuni haimzuii mnunuzi

Mwaka 2012 mimi na mume wangu tulinunua kiwanja Kihonda, Morogoro. Nusu ya fedha ilitoka kwenye mgao wangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Siku ya kuandikiana kwa mwenyekiti wa mtaa nilikuwa nje nawagawia mashahidi soda. Niliporudi ndani muhuri ulishagongwa, na upande wa mnunuzi palikuwa na jina moja tu, la mume wangu.

Jioni tukachana karatasi ya kaunta buku, tukaandika kwamba kiwanja ni chetu sote, nusu kwa nusu, tukasaini mbele ya kaka yangu na baba mdogo wa mume wangu. Nikaikunja, nikaiweka sandukuni chini ya vitenge.

Hati ilipotoka, ikatoka kwa jina lake. Nyumba ilishasimama na tumehamia, akaja dalali na mteja, wanahesabu vyumba. Mume wangu alikuwa na deni la biashara na hakuniambia. Nikakimbilia kwa wakili na karatasi yangu. Aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Kwenye hati je, mama, jina lako liko wapi?"

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa peke yake haibadili umiliki wa mali, isipokuwa wenyewe mmekubaliana vingine. Kwa hiyo karatasi yetu ilikuwa na uzito, lakini baina yetu wawili, na kwa hakimu kama ushahidi. Mnunuzi hafungui sanduku langu. Yeye anakwenda kupekua kwa Msajili wa Hati. Tena kifungu cha 60 kinasema mali ikiwa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa yake mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina mawili, mnahesabiwa kuwa na haki sawa. Jina moja likiongezwa, mzigo wa kuthibitisha unahama bega.

Kilichoniokoa ni kifungu cha 59: nyumba ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haipangishwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, na mwenza huyo anaweza kuweka zuio, yaani kuandikisha kwenye daftari la Msajili wa Hati kwamba naye ana haki pale. Tuliliweka wiki ile ile. Mteja alipopekua, hakurudi tena.

Dada yangu, siku ya kuandikiana kaa ndani, soda watagawa wengine. Kama kiwanja hakijapimwa wala hakina hati, huna daftari la kuwekea zuio, basi mkataba wa mauziano ubebe majina yenu wote na nakala yake ibaki serikali ya mtaa. Na usidhani huna chako kwa sababu hukutoa shilingi: mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kazi za nyumbani kuwa mchango. Lakini yale ni mambo ya talaka, na mimi sikutaka kuachika ndipo nipate haki yangu.

Deni tulililipa kidogo kidogo, pikipiki ikauzwa. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema twende ardhi. Hati sasa ina majina mawili, na ile karatasi ya kaunta buku nimeibana nyuma ya nakala yake.