Maswali ya Wasomaji: Sarafu ya Nero, niiuze eBay?

Swali: Marehemu baba mkwe ametuachia sarafu ya dhahabu ya Kirumi yenye sura ya Nero. Naweza kuiuza mwenyewe eBay? – Msomaji, Leicester

Jibu: Poleni na msiba, dada. Subiri kwanza, na tafadhali usiisugue. Sarafu ya kale ikishang'arishwa bei inaanguka. Ipime kwa mizani inayoonyesha desimali mbili. Aureus (ndiyo hiyo sarafu ya dhahabu ya Kirumi) ya Nero ya baada ya mwaka 64 BK ina takriban gramu 7.3. Ikikaribia 6, ingia na shaka. Tazama na ukingo kwa lenzi: mstari mwembamba unaouzunguka ni dalili kwamba ilimiminwa kwenye kalibu, ilhali Warumi waligonga sarafu zao kwa nyundo; basi huenda ni bandia.

Halafu saka karatasi: risiti, bahasha ya muuzaji, katalogi ya mnada. Hapa ndipo wengi hukwama. Aureus ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, iliyouzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3 ilirudishwa Ugiriki mwaka 2023, baada ya historia yake ya umiliki kubainika kuwa ya kughushi.

Mtandaoni ogopa mnunuzi anayedai "siyo kama ulivyoeleza", kisha akakurudishia nakala. Kinga yake ni kuipeleka NGC, kampuni inayokagua sarafu, ifungwe kwenye kasha lenye namba, ingawa kwa sarafu za kale wao hutoa maoni tu, si dhamana ya uhalisi. Posta nayo: fidia ya Special Delivery, huduma ya Royal Mail ya kutuma vitu vya thamani, inaishia pauni 2,500. Kwa mali hii, bora mnada wa sarafu, kamisheni na yote.