Abiria akilalamika kiuno, angalia kwanza shokapu za nyuma

Mwaka jana nilikuwa nampeleka mama kliniki kwa pikipiki kila baada ya wiki mbili, kutoka kijijini kwetu upande wa Amani kushuka Muheza mjini. Anayeijua njia ile hahitaji kusimuliwa: mawe, makorongo ya mvua, kona za mlimani. Siku ya kwanza mama alishuka ameshika kiuno, akaniambia, "Mwanangu, mashimo yote nimeyahesabu kwa mgongo." Iliniuma sana.

Nikaenda kukosea palepale ninapoona wengi wanakosea. Shokapu za nyuma za pikipiki yangu, ya cc 150, zina pete yenye ngazi tano inayoshikilia springi kwa chini. Nikawaza kwamba mtu mzima anataka ulaini, basi nikashusha pete zote mbili hadi ngazi ya kwanza. Safari iliyofuata ikawa mateso. Kila tukiingia shimo, nyuma inagonga chuma kwa chuma.

Fundi mmoja pale mjini alituomba mimi na mama tukae juu ya pikipiki, akachuchumaa kuangalia. Springi zilikuwa zimeshabonyea kabla hata hatujaondoka. Abiria hukaa karibu juu kabisa ya gurudumu la nyuma, hivyo uzito wake karibu wote unaishia huko. Shimo likija, shokapu haina tena pa kwenda, na kishindo kinachobaki kinapokelewa na kiuno cha abiria. Kupandisha pete hakuifanyi springi kuwa ngumu, springi ni ileile. Kunainua sehemu ya nyuma na kuirudishia nafasi ya kubonyea. Jambo hili ndilo ninalotaka ulielewe kabla hujashika spana.

Nyumbani nikapima kwa futi ya fundi cherehani. Pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likielea, pima kutoka nati ya ekseli hadi alama uliyoweka kwenye bodi juu yake. Kisha ishushe, mkae wote wawili kama mnavyosafiri, mtu wa tatu apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mliyobonyeza. Lengo ni karibu theluthi moja ya safari yote ya gurudumu, yaani umbali wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka, na kwa pikipiki za namna hii safari hiyo mara nyingi iko karibu na milimita 100. Kwenye ngazi ya pili tulibonyeza 49. Kwenye ngazi ya nne, 40. Haikushuka hadi theluthi, lakini mama aliijua tofauti kabla hatujatoka kijijini.

Kuzungusha pete tumia ile spana yenye umbo la ndoana inayokuja na pikipiki. Sugua matope kwanza kwa brashi, maana spana ikiteleza inachubua vidole. Kulia na kushoto ziwe ngazi moja, bila kubahatisha. Na usiruke kutoka ya tano kurudi ya kwanza kwa mkupuo, pita ngazi moja moja, la sivyo utaharibu pete.

Shokapu ikiwa imevuja oili, hakuna ngazi itakayokusaidia. Bonyeza siti kwa nguvu kisha achia: ikipanda na kutulia ni nzima, ikidunda mara mbili tatu imekufa. Badilisha zote mbili kwa pamoja hata kama moja bado inaonekana nzuri.

Upepo nao. Kitabu cha pikipiki yangu kinataka psi 28 kwenye tairi la nyuma nikiwa peke yangu, 32 nikiwa na abiria. Wapo wanaopunguza upepo ili pikipiki iwe laini. Kwenye mawe ya Amani hiyo ni njia ya kukunja rimu na kupasua tyubu mama yako akiwa nyuma. Angalia na cheni mkiwa mmekaa wote wawili, kwa sababu nyuma ikishuka cheni hukaza. Ikikaza kupita kiasi inaizuia shokapu kufanya kazi, na utailaumu springi bure.

Mama alikuwa anakaa upande kwa sababu ya khanga. Nilimwomba avae suruali ndani na akae kwa kutanua miguu, akanyage vizuri vikanyagio vyake, na nikimwambia "rasta", yale matuta madogo ya barabarani, ajiinue kidogo. Alikataa wiki ya kwanza, ya pili akakubali. Kwa maoni yangu hilo peke yake lilimpunguzia nusu ya maumivu.

Ukishamshusha abiria, rudisha pete. Nikiwa peke yangu kwenye ngazi ya nne, gurudumu la nyuma linaruka juu ya kokoto, na kwenye kona za kuteremka linakosa kushika. Pia pikipiki inalala zaidi kwenye stendi ya pembeni, kwa hiyo tafuta ardhi ngumu kabla ya kuiacha. Mimi spana yangu siiweki tena chini ya siti. Inakaa mfuko wa koti, na pale kliniki huwa nazungusha pete wakati mama yuko kwenye foleni.