Kostik inafaa, pima mafuta kwanza

Umeuliza kama kostik soda ndo imeharibu dizeli unayotengeneza kwa mafuta yaliyokaangia chipsi na methanoli (aina ya spiriti), ikatoka uji: kostik ni sawa kabisa, tatizo ni hayo mafuta yako. Ile gramu 3.5 ya kostik kwa lita ya mafuta ni ya mafuta mapya, yakishakaangiwa yanakuwa na asidi na asidi inakula kostik yako inageuka sabuni, ndo huo uji ulioupata badala ya dizeli juu na gliserini (majimaji mazito yanayojitenga) chini (mi nishamwaga ndoo nzima hivyo hivyo). Chukua mililita 1 ya mafuta, changanya na mililita 10 za spiriti ya isopropili na binzari ya manjano kidogo, halafu dondoshea maji yenye kostik gramu 1 kwa lita mpaka rangi ya njano igeuke nyekundu, kila mililita ya maji hayo iliyoingia ongeza gramu 1 ya kostik juu ya zile 3.5 kwa kila lita. Zikiingia mililita nyingi sana inabidi uanze na asidi ya salfa kwanza, kupunguza hiyo asidi ya mafuta. Na chemsha mafuta maji yaishe, maji nayo yanaleta sabuni. Methanoli tu usiisogeze karibu na jiko, mvuke wake unashika moto haraka na ni sumu.