Mwandike Babu Yako Fundi Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama wasifu wa babu yako, utakaosomwa siku ya arobaini, uanze na vita vya Kagera au na useremala wake. Anza na useremala.

Vitani alikaa miezi michache tu. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, baba yangu alikuwa mgambo hapa Korogwe, akaitwa pamoja na wenzake kwenda kuongeza nguvu za jeshi letu la Tanzania, JWTZ. Mwaka uliofuata alivuka mpaka wa Uganda pale Mutukula, akatembea kwa miguu na silaha begani hadi Masaka na Lukaya. Lakini Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, yeye alikuwa ameachwa nyuma akiuguza mguu. Hilo usilifiche, kwa kuwa kila alipoitwa shujaa wa Kampala alijibu kwamba Kampala hakuiona, akaendelea kupiga randa.

Useremala aliufanya zaidi ya miaka arobaini. Aligonga ubao wa mninga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, na kama haukukauka aliukataa, hata kama mteja ameuleta mwenyewe na kitanda kinangojewa na maharusi. Ndiyo maana kazi zake zilichelewa, nawe usiandike kwamba alitimiza ahadi, maana watu watacheka msibani.

Jeneza tu ndilo ambalo hakulichelewesha kamwe. Alipogongewa usiku aliwasha chemli akaanza kupasua mbao, asitaje fedha mpaka mazishi yapite, na wala hakuthubutu kutoa futi kamba mbele ya wafiwa: alimpa mmoja wao uzi, akapime ndani na kuurudisha ukiwa na fundo. Nilipokuwa msichana nilimwuliza kwa nini kazi hiyo haikungoja kama nyingine. Aliniambia kwamba kule vitani alimzika mwenzake ndani ya blanketi, na blanketi lenyewe lilikuwa fupi. Hakuongeza neno, nami sikumwuliza tena.

Kwa hiyo vita viweke hapo, baada ya majeneza, kwa sentensi mbili au tatu. Tarehe ya kuzaliwa niachie mimi; nitaitafuta kwenye cheti chake cha ubatizo.

Mama yako