Simu inalia saa tisa usiku, na kompyuta sitaki hata kuiona

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo Ngamiani, Tanga, natengeneza programu za kampuni ya San Francisco. Vikao vinaanza saa mbili usiku. Wiki moja nashika zamu ya seva, zile kompyuta zinazoendesha programu zetu: zikileta hitilafu, simu inanilia kengele hata usiku wa manane; wiki moja napumzika. Siku hizi nikifungua kompyuta naikodolea macho tu. Mama anasema ni uvivu. Je, ni ugonjwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Si uvivu, na kitaalamu si ugonjwa pia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii, kwa Kiingereza "burnout", kuwa zao la msongo wa kazini usiodhibitiwa: nguvu zinakwisha, kazi inakuchusha, na unajiona hufanyi la maana. Chanzo kipo kazini, kwa hiyo siku tatu za kupunga upepo Pangani hazitoshi. Ukirudi, kengele utazikuta palepale.

Basi anza na hizo kengele. Mimi niliwahi kuweka daftari kando ya kitanda mwezi mzima: imelia saa ngapi, kwa nini, nimefanya nini. Kurasa zilijaa "diski imejaa asilimia 80, nimerudi kulala." Sasa hiyo ni ya kumwamsha mtu? Kila kengele iulize: nikiiacha hadi asubuhi, mteja ataumia? Kama haumii, iingie kwenye orodha ya kazi za mchana, isilie. Inayobaki ikilia mara mbili kwa sababu ileile, hiyo sababu ndiyo kazi ya wiki; mapambo mapya ya programu yangoje.

Halafu saa. Wenzako wapo nyuma yetu kwa saa 10 wakati wa kiangazi chao, 11 majira ya baridi. Saa mbili yako ya usiku ni asubuhi yao, wamekunywa kahawa. Omba vikao viwe siku mbili tu kwa wiki, mengine waandike.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na ziada hulipwa mara moja na nusu. Lakini wengi wetu wa kampuni za nje tuna mikataba ya huduma, si ajira, kwa hiyo saa na malipo ya zamu yaandikwe humo humo kabla hujasaini tena.

Usingizi ukikukataa hata wiki usiyo na zamu, nenda Hospitali ya Bombo ukamwone daktari. Na mama mwonyeshe daftari.