Mchoro wa Dorian Gray uonekane mara ngapi katika filamu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaandika mswada wa filamu ya dakika 90 kutokana na riwaya ya Oscar Wilde, *The Picture of Dorian Gray*. Katika mafunzo ya wiki moja niliyolipia, mwezeshaji alitueleza kwamba filamu ya kutisha lazima imshtue mtazamaji kila baada ya dakika 10. Kwa hiyo nimepanga mchoro uonekane mara tisa, kila mara ukiwa umeoza zaidi, na nimeongeza onyesho la mwanzo linaloeleza uchawi ulioufanya uwe hivyo. Je, mara tisa zinatosha? Na hotuba ndefu za Lord Henry, rafiki anayemshawishi Dorian, nizipeleke kwenye sauti ya msimulizi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba. Mara tisa ni nyingi mno; mswada huo ukifika mezani kwangu nitazipunguza zisizidi tano. Onyesho la uchawi nitalifuta lote, na msimulizi nitamwondoa. Swali hili hunijia kila wakati kwa maneno tofauti, na nyuma yake huwa kuna dhana moja ambayo imeharibu miswada ya watu wengi wenye kipaji: kwamba kitisho cha riwaya hii kimo ndani ya mchoro, na kwamba ukiuozesha zaidi utatisha zaidi.

Kitisho kimo usoni mwa Dorian, anayebaki kijana mrembo huku mchoro wake ukizeeka na kubeba alama za maovu yake. Mchoro umefungiwa katika chumba cha juu alichosomea utotoni, umefunikwa kitambaa cha zambarau, na kwa sehemu kubwa ya kitabu hakuna mwingine anayeuona. Kinachoalikwa kwenye karamu na kuaminiwa na watu wenye heshima zao ni uso usio na hata kunyanzi moja.

Chukua tukio la James Vane. Ni usiku, karibu na gati za London, na Dorian anatoka katika nyumba ya wavuta kasumba. Mwanamke mmoja amemwita kwa jina la mapenzi ambalo Sibyl Vane, mwigizaji aliyempenda, alimpa zamani, kabla Sibyl hajajiua kwa ajili yake. Na kaka yake Sibyl, baharia aliyeapa kumuua mtu huyo, amelisikia. Anamfuata gizani, anamkaba ukutani na kumwelekezea bastola. Dorian anamuuliza tu dada yake alikufa miaka mingapi iliyopita. Akijibiwa kwamba ni miaka 18, anacheka na kumtaka ampeleke chini ya taa amtazame usoni. Baharia anatazama, anaona kijana wa miaka 20 au zaidi kidogo, anaingiwa na hofu kwamba nusura amuue asiye na hatia, na anamwachia aende zake. Ndipo yule mwanamke anapomjia na kumweleza kwamba yeye mwenyewe aliharibiwa na mtu huyo karibu miaka 18 iliyopita, na kwamba sura yake haijabadilika tangu hapo. Baharia anakimbilia kona ya barabara, na Dorian hayupo.

Hakuna mchoro hapo, hakuna damu wala funza. Unahitaji taa moja, ukuta na waigizaji watatu, lakini mtazamaji ameona kwa macho yake jinsi sura nzuri inavyotoa ushahidi wa uongo na kuaminiwa. Ukilipiga onyesho hilo vizuri, kamera ikakaa usoni pa Dorian chini ya taa kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kuvumilia, umeshapata filamu yako. Angalia tu toleo unalolitumia. Riwaya ilitoka kwanza mwaka 1890 katika jarida la *Lippincott's* ikiwa na sura 13, na humo James Vane hayumo kabisa. Wilde alimwongeza katika kitabu cha mwaka 1891 chenye sura 20. Nimeshaletewa mswada ambao mwandishi alichanganya matoleo yote mawili bila kujua, hata umri wa Dorian ukawa unapingana kati ya ukurasa na ukurasa.

Sasa turudi kwenye mchoro wenyewe. Badiliko la kwanza Wilde analiandika kwa uangalifu mkubwa. Dorian amemkataa Sibyl, amezurura usiku kucha, amepita sokoni Covent Garden alfajiri mikokoteni ya maua ikiingia, na sasa yuko nyumbani. Katika mwanga hafifu anaona dalili ya ukatili kwenye mdomo wa mchoro. Anafungua pazia, na jua likiingia dalili ile inazidi kuonekana. Anachukua kioo kidogo alichozawadiwa na Lord Henry, anajitazama midomo, haoni kitu. Badiliko ni hilo tu: mkunjo mdogo mdomoni. Mtazamaji wako anatakiwa ajiulize kama ameona sawasawa, na hawezi kujiuliza ikiwa mtaalamu wa kompyuta amekwisha kumwaga usaha juu ya turubai.

Baada ya hapo mpe mchoro kamili mara moja, siku Basil aliyeuchora anapopandishwa ngazi kuuona, kwa sababu macho ya Basil ndiyo yanayojua ulivyokuwa. Mara inayofuata iwe karibu na mwisho, na hapa ndipo ratiba ya kuoza kila dakika 10 inapovunjika kabisa. Dorian amemwachia msichana mmoja wa kijijini bila kumharibu, anajiona ameanza kuwa mwema, anapanda juu kwa matumaini kwamba mchoro umeanza kupona. Anakuta macho yameongezeka ujanja na mdomo umepata mkunjo wa mnafiki. Hajazidi kuoza kwa tendo baya. Amezidi kuwa mbaya kwa kujipongeza kwa tendo jema. Riwaya nzima inahusu kujiona, na hapo ndipo kujiona kunapofika mwisho wake, lakini mswada unaohesabu majipu hauwezi hata kukiandika kitu hicho.

Mwongozaji Albert Lewin alilielewa jambo hili alipoitengeneza riwaya hii kuwa filamu ya kampuni ya MGM mwaka 1945. Aliipiga kwa nyeusi na nyeupe, akauonyesha mchoro kwa rangi mara chache tu. Ule mchoro ulioharibika uliochorwa na Ivan Albright, wenye urefu unaozidi mita 2, bado umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Art Institute of Chicago. Ulitisha kwa sababu mtazamaji aliusubiri.

Kuhusu uchawi: katika kitabu Dorian anatamka tu, akiwa mbele ya mchoro katika studio ya Basil, kwamba angetoa roho yake ili mchoro uzeeke badala yake. Hakuna anayemjibu, wala hakuna mkataba. Ukileta mganga au shetani, umempa Dorian mtu wa kumlaumu, nawe umemwondolea hatia ambayo ndiyo hadithi yenyewe.

Lord Henry naye asemapo huwa anafanya kazi juu ya mtu. Katika sura ya pili Dorian amesimama jukwaani anachorwa, Lord Henry anazungumza, na Basil, ambaye hasikilizi hoja, anaona usoni pa kijana hali ambayo hajawahi kuiona, anawahi kuiweka kwenye turubai. Maneno yanaingia sikioni na kutokea kwenye mchoro. Msimulizi hana sikio la kulilenga, kwa hiyo ukimpa hotuba hizo zitabaki misemo ya kupendeza tu. Zikate ziwe robo, lakini kila sentensi inayobaki iwe na uso wa Dorian unaoipokea.

Kinachonisikitisha zaidi ni mafunzo hayo. Watu wanalipishwa ili wapewe kanuni za dakika 10 na walioyaandaa hawajakifungua kitabu, na wapo wanaouza programu za kugeuza riwaya kuwa mswada kwa siku moja. Dalili yake naijua: mswada unakuja ukiwa na sanamu ya paka wa Misri inayotimiza matakwa, Sibyl akiwa mwimbaji wa ukumbi wa burudani, na Basil akiwa na binti wa ndugu yake aitwaye Gladys anayempenda Dorian. Hayo yote ni ya Lewin. Wengine wananiletea Emily, binti wa Lord Henry, ambaye ni wa filamu ya mwaka 2009. Katika riwaya Sibyl anaigiza Shakespeare, na Dorian anamwacha kwa sababu ameigiza Juliet vibaya usiku mmoja, baada ya mapenzi ya kweli kumfanya ayaone ya jukwaani kuwa ya bandia. Alipenda taswira, hakumpenda mtu. Ukimfanya mwimbaji bila kufikiri, sababu hiyo inapotea.

Na si suala la sanaa tu. Wilde alifariki Novemba 1900, hivyo hata kwa kipimo cha hakimiliki cha miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi riwaya yake ni mali ya umma, nawe huhitaji ruhusa ya mtu. Lakini alichobuni mwandishi wa filamu ni chake, na aliyeifasiri riwaya ana haki juu ya maneno ya tafsiri yake. Mtayarishaji makini atakuuliza kila mhusika umemtoa wapi. Kwa hiyo kabla hujagusa mara tisa zako, kaa na toleo la mwaka 1891, pitia mswada wako mstari kwa mstari, na pembeni ya kila onyesho andika namba ya sura lilikotoka. Onyesho lisilo na namba liwe umelibuni wewe mwenyewe. Likiwa limetoka kwenye filamu ya mtu, litoe.