Iko duma hiyo, haiko chui

Yaya, unauliza kama ile kikwembe (kitambaa) ya madoa balikuuzishia ku soko ya Kenya, ile ya Lubumbashi, ni ya chui kweli, mi nimezumu picha yako vizuri, pole, hiyo iko duma. Angalia madoa: ya duma imejaa tu, nyeusi moja moja kama mutu alidondosha wino, lakini ya chui iko kama kaua, duara ya kukatika-katika na ndani rangi inaiva kidogo kupita ile ya inje. Ukikuta tena kadoa katikati ya duara, basi njo jaguar ule wa Amerika, huku kwetu haikalake. Ba mama benye kuuza haibatese, yote banaitaka "leopari" na franga inaingia hahaha.

Na hilo jina "leopari" lenyewe lilianza na kosa, ku Kilatini leo ni simba, pardus ni chui, ba zamani baliwaza ni mutoto wa hao babili. Sisi tunasema chui tu, Lingala nkoi, imeisha. Kofia ya Mobutu ile ndiyo ilikuwa ngozi ya chui ya kweli, na ba Léopards ba 1974, timu yetu ya mupira ya inchi, balikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia, wakati ule Kongo yetu ilikuwa bado Zaire.

Shona tu robe yako, ku arusi nani atainama kuhesabu madoa? Ila ule fundi asiweke kola ya manyoya, hapo nitacheka.